Aliyekuja na Asiyekuja

Tarehe 3 Februari, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Dada mdogo, Sindano wangu,

Salamu nyingi, na nyingine uziweke akiba. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Barua yako ilifika imelowa pembe moja, lakini ulimi wako haukulowa hata kidogo. Nimeukuta vilevile, mkali.

Nimefurahi kusikia chumba cha juu kimekamilika na dirisha lake linatazama barabarani. Unasema ukishona huko chini nitaisikia cherehani. Ndicho ninachokitaka. Tangu mtaa wetu ulipohamishwa kwa nguvu na kila mmoja akashika njia yake, wewe ukarudi mtaa ulipofunguliwa tena, mimi nikabaki huku. Nimelala katika nyumba nyingi zenye ukimya mzuri, na sijaupenda ukimya wa hata moja. Mwisho wa mwaka huu nafunga kazi, nakuja kukaa.

Chumba cha kazi ni kilekile, juu ya duka la fundi saa: kiti kimoja cha kuegemea, blanketi, pazia nene, na saa ya ukutani ambayo fundi ameniondolea mlio. Watu wa mtaani husema wanakuja "kulazwa", ingawa hakuna anayelala. Mtu anafumba macho, sauti yangu inamshika mkono, na kile kilichomuumiza zamani kinasogea kidogo, apate nafasi ya kupita. Vitabu huita hipnosi. Mimi sijawahi kuipatia jina zuri.

Unataka umbea, haya, chukua. Unauliza kama shemeji wa mwenye bucha amekuja kwangu, kwa kuwa siku hizi hagombani na watu. Hajawahi kukanyaga ngazi yangu. Kama ametulia, basi ni uzee, au mkewe. Na yule mwalimu mstaafu aliyehamia huku kwa mwanawe? Simjui hata kwa kikohozi. Umeridhika?

Nisalimie mpwa wangu Kitinda. Mwambie mjomba anangoja mwandiko wake, hata kama ni mistari miwili.

Kaka yako


Tarehe 27 Februari

Kaka,

Shikamoo. Hapa hatujambo. Cherehani kubwa ilikata mkanda nikashona kwa mkono siku kadhaa, vidole vikawa kama chujio. Jirani wa ng'ambo amejifungua mapacha. Mumewe anazunguka mtaa mzima akisema hawakujua. Mimi nilijua zamani, utepe wangu wa kupimia uliniambia, nikanyamaza.

Sasa kaa chini. Umekaa? Kitinda anaolewa.

Bwana mwenyewe ni fundi lifti, anafanya kazi huko huko mjini kwako. Alikuja kufunga lifti kwenye jengo ambalo Kitinda anafanya uhasibu, lifti ikachukua muda mrefu kuliko inavyostahili, nadhani unaelewa. Ni mrefu, mpole, mikono safi kuliko ya daktari. Ukimwambia mzaha anacheka kwa kuchelewa, kama kicheko kinapanda kutoka ghorofa ya chini. Wazazi wake walishatangulia. Agosti anahamia hapa, wataishi vyumba vya chini, nami nitapata mkwe na mwana kwa mpigo mmoja.

Ila.

Unamjua Mama Miwani, yule wa kwetu anayeuza vitambaa mkabala na mlango wako. Kutia uzi kwenye sindano hawezi, lakini mlango wako anauona vizuri sana. Ameniambia kamwona fundi akipanda ngazi yako, na si mara moja. Kaka, mimi si mtu wa maneno mengi, usicheke. Sizitaki siri zake. Niambie neno moja tu: mtoto wangu anaingia pazuri au pabaya? Nikikuuliza kwa simu unakuwa bubu, unaanza kuuliza habari za hewa. Niandikie. Hata ukichora mstari tu nitaelewa.

Mdogo wako,
Sindano


Tarehe 21 Machi

Sindano,

Marahaba. Pole kwa mkanda, pole kwa vidole. Huku baridi imelegea. Fundi saa amepaka mlango wake rangi ya kijani, kila anayepita anaugusa kuona kama umekauka, na sasa mtaa mzima una vidole vya kijani. Goti halijambo. Nimeanza kugawa vitabu vyangu, nibaki na vile vinavyoingia katika masanduku mawili.

Habari ya Kitinda imenifanya nisimame katikati ya chumba bila kujua nilikuwa nakwenda wapi. Nilimwacha hajazaliwa. Mpe mkono wangu wa heri.

Kuhusu hilo la mwisho, sina neno, leo wala kesho. Tafadhali usiniulize tena.

Kaka yako


Tarehe 4 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa akili. Asante. Umenijibu.

Nilikuuliza juu ya shemeji wa mwenye bucha, ukasema hajakanyaga ngazi. Nikakuuliza juu ya mwalimu, ukasema humjui hata kwa kikohozi. Nimekuuliza juu ya fundi lifti, ghafla huna neno, umenipa habari za rangi ya mlango. Wewe ni msomi, kaka, lakini mimi ni mshonaji: tundu kwenye kitambaa lina umbo la kipande kilichokatwa.

Kwa hiyo alikuja. Na lingekuwa jambo dogo ungeniambia, maana Kitinda unampenda. Hukuniambia, basi ni kubwa. Ana kichaa? Alimpiga mtu? Aliua? Unaona ninavyolala?

Nimewaambia wasubiri. Nimesingizia paa, kwamba linavuja na siwezi kuweka harusi chini ya paa linalovuja. Kitinda haongei nami. Anapika, anaweka sahani mbele yangu, anaondoka. Sahani inaongea kuliko yeye.

Ukisema ni jambo dogo, naacha hapo hapo. Usiposema, harusi hii umeivunja wewe, kwa mdomo uliofungwa.

Sindano


Tarehe 12 Mei

Sindano,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu nilitaka kukuandikia mara moja na vizuri. Natumaini sahani bado zinafika mezani.

Hesabu yako imenishinda, nakupa haki yako. Kunyamaza juu ya huyu hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kusema juu ya wale wawili. Mlinda mlango anayesema "huyu hayumo, na yule hayumo", siku akinyamaza ameshataja jina. Jibu la aliyekuja na la asiyekuja linatakiwa kuwa moja. Tangu leo ni moja: hata ukiniuliza kama wewe mwenyewe umewahi kupanda ngazi yangu, sitasema.

Lakini hatua ya pili ya hesabu yako ni mbovu. Unasema lingekuwa dogo ningekwambia. Nani kakwambia? Anayekuja kwa kuogopa sindano ya daktari na anayekuja kwa jambo lisiloandikika, wote napima ukimya kwa kijiko kimoja. Huwezi kujua kina cha kisima kwa kutazama kifuniko. Lipo jambo moja tu linalonifungua mdomo: mtu akiniambia anakwenda kumdhuru mwenzake au kujidhuru. Kila anayekaa kitini namwambia hivyo kabla hajafumba macho. Na likitokea, simwandikii dada yangu barua ya kukaa posta wiki mbili. Nainua simu siku ileile, nawapigia wanaohusika.

Sasa nikueleze ninavyofanya kazi, na ninavyoifanya kwa kila mtu. Unadhani wanakuja kunisimulia. Mtu akishatulia, namwambia: "Ukifika pale panapouma, usiniambie ni wapi. Inua kidole tu." Anakwenda peke yake, mimi nakaa nje na sauti yangu. Kidole kinainuka, najua amefika. Namwambia apumue, apatazame kama mtu aliye dirishani ghorofa ya juu anavyotazama njia, asogee karibu akitaka, arudi akitaka. Baadaye kidole kinashuka. Wapo walioshuka ngazi yangu wepesi, wakaoa, wakasoma, wakasafiri, na hadi leo sijui walikuwa wanatoka wapi. Hata ukinifungua mdomo kwa patasi, dada, utakuta vidole vilivyoinuliwa tu.

Wachache husimulia. Nao nawaambia wazi kwamba kiti hakitoi ushahidi. Kumbukumbu ukiigusa inabadilika, na palipo wazi akili hutia kiraka cha rangi inayofanana, mwenyewe asijue kiraka ni kipi. Hata ningesikia jambo, nisingekuapia kwamba ndivyo lilivyokuwa. Na wale wanaodhani aliyefumba macho anamwaga kila kitu, hawajui. Mtu akiwa pale anaweza kubana mdomo vizuri kama wewe ukiwa na pini katikati ya meno.

Na nani ananiuliza haya? Wewe uliyejua habari ya mapacha kwa utepe na ukanyamaza! Kama jirani angejua utepe wako unasema, angekuja kupimwa? Angeazima gauni la dada yake. Lakini kwangu, mtu akiogopa kuja, hakuna gauni la kuazima. Anabaki na lile lile linalombana.

Unataka kumjua mkweo? Ana mdomo, muulize. Akikataa, ni haki yake, na Kitinda ataamua kama anaweza kuishi na mlango mmoja uliofungwa. Wengi wetu tunaishi na zaidi ya mmoja. Lakini ataamua yeye. Wewe hutaamua, wala mimi.

Kaka yako


Tarehe 19 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nilikasirika, ndiyo maana umengoja. Nilikuandikia mara mbili nikachana, maneno yenyewe hayakuwa ya mtu na kaka yake.

Hatujambo. Mapacha wanalia kwa zamu. Sasa sikiliza.

Kitinda alinibana jikoni. "Mama, paa limekosa nini?"

"Paa lina..."

"Mama."

Nikamwambia yote, Mama Miwani, ngazi, na wewe ulivyonyamaza. Akasema, "Kwa hiyo mjomba hakusema kitu, na wewe umenivunjia harusi kwa hicho ambacho hakukisema?" Kwa namna alivyolipanga, hata mimi niliona haya.

Akampigia mwenzake kwamba aje, waongee ana kwa ana. Fundi akaomba ruhusa kazini, akaja. Kaka, alikuja na mfuko wa nyundo na misumari. Alidhani shida kweli ni paa! Kabla hata ya kunywa maji akapanda juu, akagonga huku, akagonga kule, akashuka na utando wa buibui nyweleni. "Mama," akasema, "paa hili ni zima kabisa." Nilitamani ardhi inimeze na cherehani yangu.

Wakaingia chumba changu cha kushonea wakafunga mlango. Chumba changu mwenyewe! Nikabaki ukumbini na sketi ya mteja mkononi. Sikusikiliza mlangoni. Haya, nilisikiliza, lakini walikuwa wanaongea chini. Kitinda akatoka macho mekundu, amenyooka kama rula. Alimwambia kwamba yupo mtu aliyemwona akipanda ngazi fulani. Ngazi ni ya nani, hilo hakusema, nilikuwa nimemwomba asiseme, sababu utaiona chini.

"Harusi iko palepale," akasema.

"Amekwambia nini?"

"Ameniambia alichotaka kuniambia."

"Ndiyo nini?"

"Mama, hicho si changu nikupe."

Nimezungukwa, kaka. Nyumba nzima imekuwa makufuli, na kufuli moja nimelizaa mwenyewe.

Jioni fundi akaja peke yake, akakaa kwenye kile kistuli wanachosimamia wateja nikipima pindo. Miguu ilikuwa mirefu, magoti yalimfika kidevuni. Akasema, "Mama, kuna jambo lilinipata nikiwa mdogo. Sitakusimulia. Lilikuwa linaniamsha, sasa haliniamshi." Basi. Nilikuwa na maswali kama shanga kwenye uzi, uzi ukakatika, yakaniponyoka yote. Nikamuuliza kama anakunywa chai na sukari ngapi.

Harusi ni mwezi wa nane. Na hii ndiyo sababu niliyokwambia: fundi hajui kwamba mjomba wa mkewe ni wewe. Nimemwambia tu kuna mjomba anatoka mbali, anakuja kukaa nasi moja kwa moja. Nataka iwe zawadi yangu. Siku hiyo nakuketisha karibu naye, anageuka kumsalimia mjomba, anakukuta wewe! Aliyemsaidia ndiye mzee wa nyumba yake! Nani amewahi kupata zawadi kama hiyo? Njoo mapema, usingoje mwisho wa mwaka. Chumba cha juu nimekipaka rangi, nyeupe, uliyoitaka.

Sindano


Tarehe 10 Julai

Dada mdogo,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako nimeisoma nikicheka peke yangu hadi fundi saa akaniuliza kutoka chini kama kuna kitu kimeanguka. Mkwe anayekuja na nyundo kutengeneza kisingizio, mshike kwa mikono miwili. Na wewe, kwa kile kikombe cha chai, nimejivuna kuwa kaka yako. Mwambie Kitinda kwamba sentensi yake, "hicho si changu nikupe", nimewafundisha vijana wa kazi hii miaka mingi na sijaisikia ikisemwa vizuri hivyo.

Zawadi yako nimeielewa, na najua imetoka wapi moyoni mwako. Sasa nisome polepole. Sisemi kwamba fundi aliwahi kupanda ngazi yangu, wala kwamba hakuipanda. Nasema habari ya mtu yeyote wa mji huu. Mtu huyo amefumba macho mbele ya mzee mmoja, akainua kidole, pengine amelia na hakujifuta. Aliweza kwa sababu mzee yule hana mahali pengine katika maisha ya mtu huyo. Hamkuti dukani, hamkuti kwa wakwe. Akishuka ngazi anamwacha huko juu pamoja na blanketi. Sasa mtoe mzee huyo, mweke mezani kwake kila asubuhi akiomba asogezewe sukari. Mzee hatasema kitu hadi kufa kwake, lakini haitasaidia, uso wenyewe utakuwa unasema. Mkewe akikaa kimya, atajiuliza mjomba kamwambia nini. Wewe ukimtazama kwa huruma, hivyo hivyo. Atakapogombana na mtu kwa jambo la kawaida, kama binadamu wote, ataona nimenyanyua macho kutoka kwenye kitabu. Ameingia nyumba yako apumzike, na wewe utakuwa umemfungia kitini.

Yeye alikuja kwako mwenyewe, akakaa kwenye kistuli, akakukatia kipande alichokipima yeye. Kikutoshe. Mimi nikija, nitakuwa kitambaa kilichozidi.

Kwa hiyo usimwambie mjomba ni nani. Mwambie ni mzee wa vitabu, anaishi mbali, na safari hazimpendi, ambayo ni kweli, muulize goti. Ile picha yangu ya ukumbini, ya enzi za nywele, iteremshe. Najua hakuna atakayenitambua pale. Iteremshe hata hivyo. Mama Miwani nitamtembelea mimi, nimnunulie kitambaa cha pazia na nimwombe auze vitambaa huku akitazama upande mwingine wa barabara. Wewe na Kitinda sasa mmebeba neno la mtu na hamtalitoa. Karibuni kazini.

Chumba cha juu hamishia cherehani, kina mwanga mzuri. Au wape watoto, watakapokuja. Nilikwishakipanga chote kichwani: kitanda kwenye ukuta wa ndani, rafu ya vitabu chini ya dirisha, kiti pembeni ili nione barabara bila barabara kuniona mimi. Nilijua hata mahali pa kuning'iniza koti. Nimekaa ndani yake mwaka mzima bila kufika, na sikuwahi kukaa pazuri zaidi. Usidhani naandika haya kwa unyonge. Niliyaamua asubuhi nikiwa nimeshiba, na nikayapitia tena jioni, yakawa yaleyale.

Masanduku nimeyafungua, vitabu vimerudi kwenye rafu, vile nilivyokwisha kugawa nimeanza kuviomba kwa aibu. Kazi nitaiendeleza maadamu ngazi inanikubali. Wewe njoo unitembelee, wewe na utepe wako, koti langu linataka kupunguzwa mabega. Nipigie simu siku ya harusi, kabla hawajaingia, nimsikie Kitinda sauti. Nitamwombea heri, nitakata simu, nitakwenda kazini.

Nakupenda, mdogo wangu. Sitarudi.

Kaka yako